Ndege ya Makasha: Tuijenge ao Tusiijenge?



Mmoja wenu wa kalasi ya tano, upande wa matematika na fizika, alituandikia na kuuliza: «Ni kweli kule Marekani mtu anaweza kununua ndege ndani ya makasha, akaijenga mwenyewe mu garaji ya nyumba yake, kisha akaruka nayo? Na kama ni kweli, ninyi mnangoja nini?» Kwa swali la kwanza jibu ni fupi: ni kweli. Swali la pili limetula miezi 14, na siku za posho ambazo hatuzihesabu tena, na mara mbili tulilala bila kusemezana. Kwa hiyo tumeomba nafasi katika gazeti hili tumjibu mbele ya wote, maana tunafikiri hayuko peke yake mwenye kuwaza vile.

Kwa wale wasiotujua: sisi ni mume na mke. Wote wawili tulikaa juu ya mabenchi ya masomo haya, na leo tunakaa Dayton, katika jimbo la Ohio. Mmoja anafanya kazi kiwandani, mwingine hospitalini. Mwaka uliopita mmoja wetu alipata permi ya piloti. Sheria ya Marekani inaomba saa 40 za kuruka kwa uchache. Yeye alimaliza na 67, na watu wengi ni vilevile, wanapita zile 40. Mwingine hajui kuendesha ndege, lakini ndiye anashika kaye ya feza. Nani ni nani, mtakisia wenyewe.

Basi, ndege ya makasha ni kitu gani? Msiwaze mchezo wa watoto. Kamyo inafika mbele ya nyumba na inashusha makasha marefu ya mbao. Ndani kuko tolu za aluminium zilizokatwa tayari, matundu yake yametobolewa na mashini, kila kipande kimeandikwa namba. Kuko mifuko ya riveti kwa maelfu, bulo, mabomba madogo, na kitabu kikubwa cha plani. Motere inanunuliwa mbali, na elisi (lile panga la mbele linalozunguka) mbali, na radio na vyombo vya kupimia mbali. Makampuni yanauza kwa sehemu: kwanza mkia, halafu mabawa, halafu mwili, mwisho vitu vya kumalizia. Mtu asiye na feza nyingi anaanza na mkia. Na mtu mwenye mashaka naye anaanza na mkia.

Kazi yenyewe si ya ufundi mkubwa sana kama watu wanavyowaza. Ni kazi ya uvumilivu. Unaweka tolu juu ya ubavu, unazishika pamoja na pini ndogo zenye resori, unatoboa tundu kufika kipimo chake, unatenganisha tena, unasugua ukingo wa kila tundu, unarudisha, ndipo unatia riveti. Kwa nini kusugua? Juu ya ukingo wenye meno ndipo ufa unaanzia. Tundu moja ni sekunde chache tu. Lakini tundu ziko maelfu, na ile uliyoiruka haitakuita jina kukuambia kwamba uliiruka.

Sheria nayo inataka tuieleze vizuri, maana huyu mdogo wetu aliuliza kama Serikali haikatazi. FAA, ndiyo ofisi ya Serikali inayosimamia mambo ya ndege Marekani, inakubali kabisa. Inasema hivi: sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na mtu asiye wa biashara, anayejenga kwa kujifunza ao kwa kujifurahisha. Watu wanaita «sheria ya 51 juu ya 100». Ukimaliza, mkaguzi anakuja, anasoma kaye yako na picha zako za kazi, anaangalia ndege. Akiridhika anakupa karatasi. Karibu na mlango lazima iandikwe kwa herufi kubwa neno linalosema kwamba ndege hii ni ya majaribio, na ndani kuwe kibao cha kuonya abiria kwamba ilijengwa na mtu asiye wa kiwanda na haikufuata sheria za usalama za ndege za kawaida. Hakuna kuchukua watu kwa malipo. Na hakuna kuvuka mipaka ya inchi pasipo ruhusa ya inchi ingine. Kwa hiyo wale waliotuuliza kama tutatua nayo pale kwenu, wasafishe kiwanja kwa wageni wengine. Tena ina viti 2 tu, na kati yetu na ninyi kuko bahari.

Ninyi mnajua ndege ndogo za misioni, zile zinazotua juu ya nyasi. Mnajua ginsi piloti anavyopima kila abiria juu ya mizani, mama mwenye mtoto na hata kikapu cha kuku, na hakuna anayekasirika. Zile zilitoka kiwandani zikiwa tayari, zina karatasi zote, hazifanani na ndege ya makasha kwa sheria. Lakini kwa uzito ni habari moja. Mfanye hesabu hii: tuseme ndege tupu ina kilo 350, na haina ruhusa kupita kilo 600 wakati wa kuruka. Esansi litre 90, kila litre gramu 720. Piloti kilo 80, mwenzake kilo 74. Mizigo mingapi? Sisi tulipata kilo 31. Na sasa mjenzi aongeze rangi nzuri ya mara mbili, viti vya ngozi, radio ya pili: zile kilo 31 anazila mwenyewe kabla hajapakia sanduku.

Kwa nini tulitamani? Tuseme wazi. Kwanza ni ile hasira ya kukodi. Piloti mpya hana ndege; anakodi saa kwa saa. Pale tulipokuwa tunakodi, Cessna 172 ya viti 4 ilikuwa dola 165 kwa saa moja. Unapanga siku ya posho, mvua inanyesha. Unapanga ingine, mwalimu ameichukua. Unapoipata, kiti kimetoboka na mlango haufungi vizuri, na umri wake unapita wa kwako. Kisha unatembea kwenye kiwanja ileile, unaona mzee mmoja anafungua hanga yake, anasukuma nje ndege inayong'aa aliyoijenga kwa mikono yake. Anatumia esansi nusu ya ile ya Cessna ao kupita kidogo. Na sheria inamruhusu kuomba cheti cha kufanya kontrola ya kila mwaka mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeijenga. Moyo unaruka hata kabla ya mwili.

Pili, sisi ni watu waliokua tukitengeneza vitu. Pale kwetu kinga, bomba, redio, vyote vilifunguliwa mezani na kurudishwa. Kununua kitu kizima na kukitumia bila kujua ndani yake kuko nini, hatujazoea hata leo.

Basi tukafungua kaye. Mkia, mabawa, mwili, motere, elisi, vyombo, rangi, hanga, asiransi: hesabu yetu ilifika dola 96 000. Wengine wanafanya kwa kidogo zaidi, wengine kwa mingi zaidi. Mwenye kushika kaye akagawanya kwa 165 akaandika chini: saa 581. Halafu akauliza swali ambalo halikupendwa: «Kwa mwaka unaruka saa ngapi?» Saa 24, mbili kila mwezi. Kumbe zile feza zingelipa kukodi kwa miaka 24.

Mwenye permi akajibu kwamba mtu mwenye ndege yake hataruka saa 24 tu, ataruka 100. Ni kweli, lakini siku ile ndege imeisha. Kabla ya hapo kuko saa za kujenga. Ndege nyepesi ya riveti rahisi inaomba karibu saa 800. Zile ngumu zinafika 2 000. Sisi tulikadiri 1 200. Saa 6 siku ya posho, na jioni mbili za saa 2, ni saa 10 kwa wiki: wiki 120. Zaidi ya miaka 2, bila ugonjwa, bila ndoa ya binamu, bila kilio. Ninyi mnatujua, miezi miwili haipiti pasipo kilio ao arusi. Tuliandika miaka 4.

Na hapa ndipo jambo lilipokuwa kali. Katika ile miaka 4 piloti mpya anafanya nini? Siku zake za posho ziko mu garaji. Feza yake iko ndani ya makasha. Sheria inataka mtu awe ametua mara 3 katika siku 90 zilizopita ndipo abebe abiria. Hiyo ni sheria ndogo, mtu anaweza kuitimiza kwa nusu saa. Lakini mikono haisikii sheria. Piloti wa saa 67 akikaa miaka 4 akiruka kidogo kidogo, siku ndege imeisha atakuwa chini ya pale alipokuwa siku ya mtihani. Na ile siku ndiyo anapaswa kupanda ndani ya ndege ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuirusha.

Maana baada ya karatasi ya mkaguzi kuko muda wa majaribio. Kwa desturi ni saa 25 kama motere na elisi yake ni za aina iliyokwisha kukubaliwa pamoja na Serikali, ao saa 40 kama sivyo, kuzunguka ndani ya eneo lililopangwa, pasipo abiria. Siku hizi kuko njia ingine ya kufuata orodha ya majaribio pahali pa kuhesabu saa tu, na tangu mwaka 2014 piloti wa pili mwenye ujuzi anaweza kukaa pembeni kwa masharti. Lakini mke hapandi, mume hapandi, mtoto hapandi. Mmoja wetu angekuwa juu, mwingine chini akiangalia mawingu. Mwenye kubaki chini alisema kwamba neno hili lilimsumbua kupita dola 96 000, na kwamba feza alizitaja kwanza kwa sababu ni rahisi kuzitaja.

Hatukutaka kuogopa kijinga, tukatafuta habari. NTSB, ofisi inayochunguza ajali huko Marekani, ilitoa uchunguzi mkubwa mwaka 2012 juu ya ndege za kujijengea. Mwaka 2011 zilikuwa karibu 10 juu ya 100 ya ndege zote zisizo za makampuni ya abiria wala za jeshi. Lakini ajali zao zilikuwa karibu 15 juu ya 100, na katika ajali zenye kuua, 21 juu ya 100. Mtu anawaza mara moja: mabawa yalikatika, riveti zilikuwa mbaya. Sivyo. Kukatika kwa mwili wa ndege kulikuwa kwa nadra. Mambo mawili yalirudi mara kwa mara: motere ilipoteza nguvu, na piloti alipoteza uongozi wa ndege angani. Sisi tulisoma hivi: mjenzi anaogopa tolu wakati hatari iko katika bomba la esansi na katika mikono yake mwenyewe.

Kuko habari moja inayojulikana sana, ya mwimbaji wa Marekani John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akafa. Ndege ilikuwa aina ya Long-EZ, plani yake ni ya Burt Rutan, lakini mtu mwingine ndiye aliyeijenga, na Denver aliipokea siku moja tu mbele ya ajali. Hakuwa piloti mpya hata kidogo. Alikuwa na saa zaidi ya 2 000. Katika plani, kifunguo cha kubadilisha tanki za esansi kiko mbele ya piloti. Yule mjenzi hakutaka esansi ipite pale mbele karibu na piloti, akakiweka nyuma ya bega la kushoto. Nia yake ilikuwa njema, ya usalama. Lakini kukifikia, piloti alipaswa kugeuka mwili, na kwa kugeuka, mguu wa kuume unasukuma. Wachunguzi walitaja pale pahali pa kifunguo, pasipo alama yoyote, kati ya sababu, pamoja na esansi ambayo haikuangaliwa vizuri mbele ya kuruka na kutoizoea ndege ile. Habari hii tuliisoma mara tatu. Mjenzi anaamua mambo mengi peke yake mu garaji usiku, akiwa amechoka, na hajui ni lipi kati yao litageuka kuwa kifunguo cha nyuma ya bega.

Hapa tunaomba ruhusa ya kupinda njia kidogo, maana tunakaa Dayton na haifai kusema ndege bila kuwataja wenyeji. Wilbur na Orville Wright walikuwa wana wa askofu wa kanisa la Kiprotestanti, na kabla ya baiskeli walikuwa wachapaji. Mwaka 1889 Orville alianza gazeti dogo la mtaa wao, na mashini ya kuchapa walijijengea. (Ninyi wenye kuzungusha mashini ya gazeti hili, na vidole vyeusi vya wino, mko katika ukoo mzuri.) Watu wanafikiri walijenga ndege, wakapanda, wakaruka. Lakini walikwenda Kitty Hawk mwaka 1900, na 1901, na 1902, na ndege zisizo na motere, na ile ya 1902 waliirusha mamia ya mara kusudi mikono ijifunze. Ndipo tarehe 17 Desemba 1903 walipotia motere, na ile mara ya kwanza ilikuwa sekunde 12, metre 37. Tena miaka miwili ya kujifunza hapa kwetu, juu ya uwanja wa Huffman Prairie. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alikaa juu dakika 39. Ile ndege ya 1905 iko hapa Dayton hata leo, ndani ya nyumba ya makumbusho; tulienda tukasimama mbele yake. Mwenye permi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: «Hawa walijua kuruka mbele ya kuwa na ndege.»

Mtasema basi, mambo yameisha. Bado. Mwezi uliofuata tulisikia kwamba kule Indiana kuko mzee wa miaka 71 anayeuza ndege iliyojengwa nusu, kwa bei ya nusu. Tulikwenda kwa gari saa 2. Mzee mpole sana. Alitupokea na chai, akatufungulia garaji. Mabawa mawili yamefungwa ndani ya nailoni, mkia umetundikwa ku dari kwa kamba, mwili uko juu ya miti miwili kama mtumbwi unaongoja mto. Alianza miaka 19 iliyopita. Watoto walizaliwa, kazi ilihama, mke aliugua muda mrefu, akafariki. Sasa dokita amemkataza kuruka. Alitueleza kila ubavu, na tarehe, na hali ya hewa ya siku ile. Tulipouliza kwa nini hakununua ndege nzima zamani zile, wakati angali na afya, hakukasirika. Alisema: «Ningeinunua, ningekuwa nimeuza sasa. Lakini hii nilikuwa nayo kila jioni.»

Hatukuinunua. Sababu ya kwanza ni ya ufundi: riveti za mtu mwingine lazima uziamini ao uzitoe, na kaye yake ilikuwa na miaka 6 isiyoandikwa kitu. Sababu ya pili ni kwamba lile neno lake lilitugawanya ndani ya gari. Mmoja alisema, maskini yule mzee, amepoteza miaka 19. Mwingine alisema, amepoteza nini? Yeye hakutaka kuruka, yeye alitaka kujenga.

Tukafanya mashauri ya kujipima kwa bei ndogo. Kampuni moja, Zenith Aircraft, iko katika mji uitwao Mexico. Si inchi ya Mexico, ni mji mdogo katika jimbo la Missouri. Wanafundisha watu kwa siku 2: unajenga usukani wa mkia kwa mikono yako na unarudi nao kwenu. Tukaenda wote wawili. Tulikuwa tunafikiri mwenye permi atajenga, mwenye kaye ataangalia na kuandika gharama. Haikuwa vile. Kufika saa sita ya siku ya kwanza mwenye permi alikuwa tayari anatoka nje kila wakati anaposikia motere ya ndege, anaweka mkono juu ya macho, anaangalia. Mwenye kaye hakusikia ndege hata moja. Alikuwa ameinama juu ya tolu, anasugua tundu, anahesabu kwa sauti ndogo, na riveti zake zilikuwa zimenyooka kama mistari ya kaye. Jioni alisema mikono inauma na kwamba kesho tuamke mapema.

Kumbe kwa miezi yote ile tulikuwa tunashindana juu ya swali moja wakati maswali yalikuwa mawili, na kila mmoja alikuwa anajibu swali la mwenzake. Mwenye permi anataka kuruka, na makasha yangemfunga. Asiye na permi anataka kujenga, na hajali sana kama kitu kile kitaruka mwaka gani. Tulicheka kwa njia yote ya kurudi. Tangu hapo hatujalala tena bila kusemezana, angalau si kwa habari ya ndege.

Tuliamua hivi. Mwenye permi ameingia katika chama cha watu 12 wanaomiliki Cessna moja pamoja: dola 60 kila mwezi, na 110 kwa saa. Kwa feza ileile ya zamani anaruka karibu saa 29 kwa mwaka pahali pa 24, na kati ya wale 12 kuko wazee wenye kumketia pembeni na kumsahihisha. Tulifikiria pia kununua Cessna 150 ya zamani, ile ya viti 2 iliyotengenezwa tangu 1958 mpaka 1977. Ni njia nzuri kwa wengi, lakini mashini ya umri ule inaweza kukuomba dola elfu kadhaa siku moja bila kupiga hodi, na sisi tuko na deni lingine. Mdogo wetu anasoma udaktari Kisangani, bado ana miaka 2. Feza yake imeandikwa ku ukurasa wa kwanza wa kaye, na ndege, ya makasha ao ya kiwanda, haipiti mbele ya ukurasa ule. Juu ya hili hatukugombana hata siku moja. Mmoja wetu naye alimaliza masomo kwa feza ya mkubwa fulani aliyekuwa mbali.

Yule wa chuo akimaliza, tutaagiza mkia. Mkia tu. Ukiisha, tutaangalia kama mwenye kujenga angali anaamka mapema. Halafu bawa moja. Hatuna tarehe. Na tumeandika mapema, na wote wawili tumetia sahihi, kwamba siku ya kwanza ya kuruka hatatangulia piloti wetu kama hajafika saa 200 na kama hajafundishwa ndani ya ndege ya aina ileile. Kama hajafika, tutamwomba mtu mwenye ujuzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka ile namba 200. Haitoki katika kitabu chochote. Alisema ni namba ambayo anaweza kumwambia mama mkwe wake bila kuangalia chini.

Wewe wa kalasi ya tano, uliuliza tunangoja nini: ndiyo hayo. Usukani wa mkia tuliotoka nao Missouri unaning'inia ku ukuta wa garaji, juu ya baiskeli za watoto. Mtoto wetu mdogo anaupiga na kidole kusikia unavyolia. Mwezi huu mwenye permi amefika saa 103. Mwenye kaye ameanza kusoma kitabu cha masomo ya piloti usiku, na anasema ni kwa kujua tu.